Kupasuliwa ni Nusu ya Kupona

 

Mwezi huu sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuongee juu ya mwili wa mkulima. Mpini wa jembe ukivunjika, utachonga mwingine. Mguu ukiharibika, hakuna duka linalouza mguu.

Najua utasema, "Bwana shamba leo ameingia kazi ya daktari." Sivyo. Mambo ya kisu na dawa nawaachia wenyewe. Mimi nitaongea juu ya kazi inayobaki mikononi mwetu, kabla daktari hajaanza yake na baada ya yeye kumaliza. Kazi hiyo ni ya mgonjwa na watu wa nyumbani kwake. Naijua kwa sababu niliwahi kuiharibu.

Karatasi ndani ya bahasha

Mwaka 2016 kaka yangu mkubwa aligongwa na pikipiki akitoka mnadani. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika. Tulimpeleka hospitali. Madaktari walimpasua, wakaingiza chuma ndani ya mfupa ili kuushika. Kazi yao ilikwenda vizuri. Baada ya siku chache aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa magongo.

Nyumbani tulimpokea kwa furaha. Tulimtandikia kitanda kizuri. Shemeji alimwekea mto chini ya goti ili mguu upumzike. Uji aliletewa kitandani. Maji ya kuoga aliletewa kitandani. Akitaka kuinuka, sote tulipiga kelele, "Tulia! Usijitoneshe!" Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Tulidhani huo ndio upendo.

Hospitali walikuwa wametupa bahasha kubwa yenye picha ya eksirei. Niliiweka juu ya kabati ili watoto wasiichafue. Tuliambiwa turudi baada ya wiki 6. Lakini wiki hizo ziliangukia wakati wa kuvuna mahindi. Nauli nayo ilikuwa haba. Tukasema, "Mbona anaendelea vizuri? Hata maumivu halalamiki." Tulirudi baada ya miezi 4.

Daktari aliangalia picha mpya akafurahi. Mfupa ulikuwa umeunga sawasawa. Kisha akamwambia kaka akunje goti. Goti halikukunjika. Lilisogea kidogo tu, kama bawaba iliyoshika kutu.

Daktari aliuliza, "Yale mazoezi mliyoandikiwa, mlifanya?"

Tukatazamana. Mazoezi gani? Kaka alikumbuka kwamba kijana mmoja alikuja wodini siku mbili akamkunja goti. Yeye alidhani kijana yule anampima tu.

Daktari alichukua ile bahasha. Aliingiza mkono mpaka chini, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: KUNJA NA KUNYOOSHA GOTI MARA 10, ASUBUHI, MCHANA NA JIONI. KAZA MISULI YA PAJA. USIWEKE MTO CHINI YA GOTI.

Ndugu msomaji, mimi nina cheti cha kilimo. Kila msimu nawaambia wakulima, "Someni maandishi ya mfuko kabla ya kumwaga mbolea." Kikaratasi kile kilikaa nyumbani kwetu miezi 4, juu ya kabati, na mimi sikukisoma.

Kaka alianza mazoezi siku ile ile. Alifanya kwa machozi. Goti lilifunguka kiasi, lakini halikurudi lote. Leo anatembea, lakini hawezi kuchuchumaa. Chooni anatumia kiti alichotobolewa na seremala. Hawezi kupiga goti kung'oa magugu. Hawezi kuketi kwenye kigoda akakamua, kwa hiyo ng'ombe wake wawili wa maziwa aliwauza. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Mdogo wangu, mfupa wangu umetibiwa hospitali. Lakini goti langu mmeliua ninyi nyumbani."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Mwili ukilazwa tu, unaharibika

Sisi tumezoea kwamba mgonjwa hulala. Ni kweli, mgonjwa anahitaji kupumzika. Lakini kupumzika si kulala siku nzima bila kujisogeza. Mwili ni kama mfereji wa maji shambani. Maji yakipita kila siku, mfereji hubaki wazi. Yakisimama, majani huota na tope hujaa.

Mwili uliolala sana huharibika katika sehemu nne.

Kwanza ni misuli. Msuli usiofanya kazi hupungua upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa. Walilala tu. Kwa siku hizo 10, nyama ya miguu yao ilipungua karibu kilo 1. Fikiri basi mtu aliyepasuliwa, ambaye hali chakula vizuri, akilala mwezi mzima.

Pili ni viungo, yaani magoti, nyonga, mabega na viwiko. Kiungo kisichokunjwa hukaza. Nyama zilizokizunguka hufupika na kushikana. Hivyo ndivyo lilivyokufa goti la kaka.

Tatu ni mapafu. Mtu akipewa dawa ya usingizi, ile nusu kaputi, sehemu za chini za mapafu husinyaa. Akiamka ana kidonda tumboni, huogopa kuvuta pumzi ndefu. Huogopa kukohoa. Basi makohozi hutuama ndani kama maji ya bwawa. Hapo ndipo nimonia huingia.

Nne ni damu. Damu ya miguuni husukumwa na misuli ya miguu. Miguu ikitulia sana, damu hutambaa polepole na huweza kuganda. Bonge la damu likikatika mguuni likapanda mpaka kwenye mapafu, mtu huweza kufa ghafla.

Kwa sababu hizo, siku hizi madaktari hawataki mgonjwa alale tu baada ya kupasuliwa. Wanataka ajisogeze mapema, kwa utaratibu. Katika hospitali kubwa wapo wataalamu wa kazi hiyo. Kazi yao huitwa fiziotherapia. Wananchi huwaita madaktari wa mazoezi. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi wengi wamefundishwa KCMC, Moshi.

Mche hukomazwa kitaluni

Wewe unayelima nyanya unajua jambo hili. Mche wa kitaluni umezoea kivuli na maji mengi. Ukiung'oa leo na kuupanda shambani kwenye jua kali, utanyauka. Kwa hiyo siku chache kabla ya kuuhamisha unapunguza maji na unaondoa kivuli kidogo kidogo. Unaukomaza. Ukishaupanda, huuachi. Unaumwagilia na kuupalilia mpaka ushike.

Mtu anayekwenda kupasuliwa ni kama mche huo. Akomazwe kwanza. Halafu akishapasuliwa atunzwe mpaka ashike.

Niliyajua haya mwaka 2022, zamu yangu ilipofika. Nilikuwa na vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Nilipangiwa kupasuliwa tumbo baada ya wiki 5. Safari hii niliuliza, "Nifanye nini katika wiki hizi?" Walinipeleka kwa daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole. Alikaa nami kama nusu saa. Alinifundisha mambo manne, nami nikayaandika kwenye daftari.

La kwanza, niache sigara siku hiyo hiyo. Nilikuwa mvutaji tangu ujana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba anayeacha tumbaku wiki 4 hivi kabla ya kupasuliwa hupunguza hatari ya kupata matatizo baadaye. Mapafu hupata nafuu na kidonda hupona vizuri zaidi.

La pili, nitembee kila siku, mwendo wa kunitoa jasho kidogo. Pia nikae kwenye kiti na kusimama bila kujishika, mara 10, asubuhi na jioni. Zoezi hilo huimarisha mapaja. Mapaja ndiyo yatakayokuinua kitandani wakati tumbo linauma.

La tatu, nijifunze kupumua. Unakaa wima. Unaweka kiganja juu ya tumbo. Unavuta pumzi polepole kwa pua mpaka kiganja kinainuka. Unahesabu moja, mbili, tatu. Kisha unatoa pumzi polepole kwa mdomo. Pia nijifunze kukohoa huku nimekumbatia mto tumboni. Nilicheka, maana nilidhani mtu mzima hafundishwi kukohoa. Aliniambia, "Utacheka sasa. Siku hiyo kidonda kitakuuma, hutakumbuka kitu usichokizoea."

La nne, nile vizuri: maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda. Mwili unaojenga kidonda unahitaji matofali.

Je, mafunzo hayo ya nusu saa yana faida kweli? Mwaka 2018 watafiti wa Australia na New Zealand walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwafuatilia watu 441 waliokuwa wakienda kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha kusoma. Nusu yao waliongezewa mafunzo ya kupumua ya nusu saa, mara moja tu, kabla ya siku ya kupasuliwa. Katika kundi lililopata kijitabu tu, watu 27 katika kila 100 walipata ugonjwa wa mapafu baadaye. Katika kundi lililofundishwa, walikuwa 12 tu katika kila 100. Hakuna dawa ya ziada waliyopewa. Walifundishwa, wakafanya.

Anayevunjika mfupa hana wiki 5 za kujiandaa. Lakini hata yeye huweza kukaa siku kadhaa wodini akingoja zamu. Siku hizo asizipoteze. Apumue kwa kina. Achezeshe viungo vyote vizima, hasa mikono, maana mikono ndiyo itakayobeba mwili kwenye magongo. Kama daktari anaruhusu, ajifunze magongo mapema.

Siku za kwanza baada ya kupasuliwa

Nilipozinduka, jambo la kwanza nililokumbuka ni kupumua. Kila saa, nikiwa macho, nilivuta pumzi ndefu mara 10, nikakumbatia mto na kukohoa. Iliuma. Nilifanya hivyo hivyo.

Nilichezesha nyayo juu na chini, kama mtu anayekanyaga cherehani, mara 20. Hiyo ni pampu ya damu ya miguuni. Haihitaji chombo wala fedha.

Kesho yake asubuhi walinikalisha. Usiinuke kwa kukaza tumbo kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kunja magoti. Geuka ubavu. Shusha miguu chini ya kitanda, huku ukisukuma godoro kwa mkono na kiwiko mpaka umekaa. Kaa kidogo, kizunguzungu kiishe. Ndipo usimame, mtu akiwa karibu. Siku ile nilisimama na kupiga hatua chache. Siku iliyofuata nilifika mlangoni. Siku ya tatu nilikwenda chooni mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Mke wangu alitaka kunizuia. Aliniona nimekunja uso. Nilimwambia, "Mama watoto, kumbuka goti la kaka." Alinyamaza, akanishika mkono tukatembea.

Kama umepasuliwa mguu, fuata amri ya daktari juu ya uzito. Wengine huruhusiwa kukanyaga mapema. Wengine huambiwa wasikanyage wiki kadhaa. Uliza mguu wako ni wa kundi gani. Lakini hata mguu usioruhusiwa kukanyaga, mara nyingi huruhusiwa kukunjwa na kukazwa misuli. Kutokanyaga si kutousogeza. Sisi hatukuijua tofauti hiyo, na tulipotea hapo.

Mto chini ya goti huleta raha leo na kilema kesho. Goti huzoea kukaa limepinda, halafu hukataa kunyooka. Kama mguu umevimba na umeambiwa uuinue, weka mto chini ya kisigino na muundi, goti libaki limenyooka.

Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa

Wakina mama wengi vijijini wamewahi kupasuliwa ili mtoto atoke salama. Huko nako ni kupasuliwa kwa kweli. Isifikiriwe kuwa ni jambo dogo kwa sababu kuna furaha ya mtoto.

Mama ainuke mapema kama nilivyoeleza: kwa ubavu, kwa mkono, polepole. Akikohoa au kucheka akumbatie mto, au kanga iliyokunjwa. Achezeshe nyayo. Atembee kidogo kidogo kila siku. Kwa wiki 6 hivi asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Ewe baba, hesabu hiyo ni yako. Chukua ndoo.

Na mama wakubwa mnaomlea mzazi, nawaomba kwa heshima. Msimkande kwa maji ya moto tumbo lenye kidonda. Maji hayo huweza kumwunguza, na kukandamiza huweza kufumua kidonda. Mpeni uji, mfulieni nguo, mtembezeni uani. Hilo ndilo la kumsaidia.

Maumivu mema na maumivu mabaya

Wengi huacha mazoezi kwa sababu ya maumivu. Kama umepewa dawa ya maumivu, inywe kama ulivyoandikiwa, na panga mazoezi yako nusu saa au zaidi baada ya kuinywa. Ndipo inapofanya kazi.

Maumivu yanayokuja ukinyoosha kiungo na kupungua ukipumzika, hayo ni ya kawaida. Maumivu yanayozidi kila siku, au yanayokuamsha usiku kwa ukali, hayo si ya kawaida. Punguza zoezi, ukaulize.

Ukiona moja ya dalili hizi, usingoje. Nenda zahanati au hospitali upesi:

Homa, au usaha kutoka kwenye kidonda, au kidonda kufunguka.

Muundi mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Usikubali mtu aukande. Huenda kuna damu iliyoganda, na kukanda huweza kuikata isafiri.

Kupumua kwa shida ghafla, au kuchomwa kifuani.

Mguu au mkono uliopasuliwa kuwa wa baridi, kufa ganzi, au kusikika kitu kikikatika.

Kurudi shambani

Mkulima akipona kidogo hulitazama jembe. Mvua haingoji. Lakini aliyepasuliwa tumbo au ngiri akibeba gunia mapema, ngiri huweza kurudi, au kidonda kikaachia ndani. Rudi kwa ngazi.

Kwanza kazi za kukaa: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage. Halafu kazi za kusimama zisizo na uzito: kufukuza ndege, kulisha kuku, kumwagilia kwa kopo. Halafu kupalilia kidogo, tuta moja leo, mawili kesho. Jembe la kulimia ardhi ngumu lifuate baadaye. Gunia liwe la mwisho kabisa, na kwa ruhusa ya daktari. Mimi nilishika jembe baada ya wiki 8. Majirani walinitania kwamba nimekuwa mvivu. Niliwaacha wacheke.

Ukitaka mgonjwa wako afuate ngazi hizo, wenzake wamsaidie. Mtu hawezi kupumzika shamba lake likimezwa na magugu. Ndugu na majirani wampalilie nusu eka. Hiyo nayo ni tiba.

Usiondoke bila kuandika

Hospitali nyingi za wilaya zina madaktari wa mazoezi wachache, na wagonjwa ni wengi. Nyingine hazina kabisa. Kwa hiyo anaweza kukuona mara moja tu. Mara hiyo moja itumie vizuri. Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuruhusiwa, uliza mambo haya:

Nifanye zoezi gani? Mara ngapi kwa siku?

Naruhusiwa kukanyaga? Kuanzia lini?

Nisibebe uzito gani, mpaka lini?

Nirudi tarehe gani?

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie hapo. Andika majibu kwenye daftari kwa mkono wako. Ukifika nyumbani, soma kwa sauti, watu wote wa nyumba wasikie. Bandika karatasi ukutani karibu na kitanda, si juu ya kabati. Kila zoezi likifanyika, weka alama. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa msimamizi. Kwangu msimamizi alikuwa binti yangu wa miaka 9. Hakunipa nafasi ya kudanganya.

Kaka yangu anakuja kunitembelea kila Jumapili. Anakaa kwenye kiti kirefu, mguu wake wa kulia umenyooka mbele yake. Nilipomweleza kwamba nitaandika habari zake gazetini, nilimwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Ila waambie waisome."

Basi nimeandika. Nawe umeisoma. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

Mpaka mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya kuhifadhi mahindi ghalani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Watu wa nyumbani walimpenda kaka wa bwana shamba. Je, walikosea wapi?

2. Taja sehemu nne za mwili zinazoharibika mgonjwa akilala tu.

3. Katika kijiji chenu yupo mtu aliyepasuliwa hivi karibuni? Kikundi chenu kinaweza kumsaidia kazi gani ya shamba?

4. Mwonyeshe mwenzako jinsi ya kupumua kwa kina na jinsi ya kuinuka kitandani kwa ubavu. Kisha yeye akuonyeshe wewe.